Ngumi Katika Wodi ya Watoto Njiti

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwenye simu ukisingizia vumbi? Mimi mzima, ila mkono wa kulia umevimba, ndiyo maana mwandiko umepinda. Utaelewa.

Mtoto wa kaka yetu mkubwa alizaliwa kabla ya wakati, kadogo, unaweza kukabeba kiganjani. Damu ikavujia ndani ya ubongo. Daktari akatueleza kwamba damu hiyo inaweza kuziba njia ya maji ya ubongo, yakajaa kichwani. Akataka kuchota kidogo maji hayo mgongoni, maana hushuka hadi huko, apime protini fulani. Zikipanda, huenda maji yameanza kujaa hata kabla kichwa hakijavimba. Kipimo bado kipya, alisema, lakini kinawapa onyo mapema. Mama mtoto, shemeji yako, akakubali.

Kaka alikuwa kazini, anachomelea mageti. Sijui nani alimpigia akamwambia mwanawe ananyonywa ubongo. Aliingia wodini na mabuti yake, akamkaba daktari, akambamiza ukutani mpaka mdomo ukapasuka. Kichupa chenye yale maji kikaanguka, kikavunjika. Nilipomshika akanisokota mkono, nikasikia kidole kinalia ko! Kisha akaanza kung'oa nyaya za mashine ya mtoto.

Shemeji yako, na mshono wake wa upasuaji wa uzazi bado mbichi, akanyanyua kiti cha chuma, akampiga nacho begani. Kaka akaanguka. Akampiga tena.

"Inuka nikuue," akamwambia. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Walinzi walimburuta kaka nje, bega limevunjika. Daktari akatema damu, akanawa, akavaa glavu nyingine. "Mshikeni mtoto vizuri," akasema, akachota upya.

Protini zilikuwa juu mno. Wakarudia picha ya kichwa: kweli, maji yalikuwa yanajaa. Wakamwekea kimrija cha kuyatoa. Sasa ananyonya, tena kwa pupa kama wewe ulivyokuwa.

Kaka atakupigia umwombee msamaha kwa mkewe. Atalia. Usimkatie simu, ni damu yetu, lakini usimwombee. Jana alikuja mlangoni mwa wodi ameoga, amenyoa, mkono umefungwa shingoni. Shemeji yako alimtazama kupitia kioo, kisha akamgeuza mtoto upande wa pili asionekane.

Nisalimie wifi yangu na wale watundu wenu wawili. Mungu akulinde, na hasira ya ukoo wetu isikufikie huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye.