Si Mzee Mwansa Aliyewasha Moto

Kasungami, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya neno lolote nakushika mikono yote miwili na kukuuliza: magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa mke wa mjomba alipopanda treni ilikufikia, au iliishia njiani? Na mihogo ya upande wa mto mmeshaing'oa? Mimi mwili ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ninakula, ninalala, na Jumapili ninakwenda misa kama ulivyonilea. Yaya Odette, dada yangu mkubwa, wewe unayemsomea mama barua hii, soma polepole, wala usiruke mahali penye aibu yangu. Mama anapaswa kuyasikia yote.

Ujumbe wenu nimeupata. Huko Kongolo mmeambiwa kwamba Numbi amefukuzwa kazi kwa kuchoma pori la watu. Kufukuzwa ni kweli. Pori sikulichoma, ila kosa langu limo pia, na kosa la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa simu inayokatika kila neno la tatu. Ndiyo maana nimekaa na karatasi.

Kazi yangu unaijua. Tulikuwa tunawachukua watu wa mjini kwa magari mawili, tunapita Lukafu, tunapanda hadi kule juu ambako mto unajitupa kutoka kwenye mwamba. Ulisema mwanamke aliyesoma hawezi kuzeeka akiwaonyesha watu majani. Siku ile nilicheka, lakini mama, kazi ile niliipenda. Nilipenda hasa pale watu waliokuwa wakipiga kelele garini wanapofika ukingoni, wakaona maji yanavyoshuka mpaka yanageuka mvuke, wakanyamaza bila kuambiwa na mtu.

Si wote wanaonyamaza. Nimewahi kumwongoza mtawa mmoja aliyekaa saa nzima akiangalia siafu wakivuka njia, na wakati wa kuondoka akaniuliza kama amewasumbua. Wiki iliyofuata kijana mmoja alichonga jina la mchumba wake kwenye gome la mti kwa kisu kirefu, kisha akanipa simu nimpige picha. Nilimpiga. Nilikuwa nimezoea kumeza mengi, kwa sababu patron, mwenye kazi yetu, alikuwa na neno moja tu: mgeni asikasirishwe.

Basi ilikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamekauka mpaka yanalia chini ya kiatu. Gari la kwanza lilimbeba Mama Zaina, muuza vikwembe, vile vitambaa vya kujifunga, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, pamoja na mumewe Mzee Ramazani. La pili lilikuwa la Fidèle, bwana wa ofisi moja inayopeleka vyakula kwenye migodi, na rafiki zake watano. Walikuwa wanasherehekea cheo chake kipya. Kabla hatujaondoka, patron alinivuta pembeni.

“Numbi, bale bantu ba Fidèle banaweza kutuletea kazi ya mwaka muzima,” akaniambia. “Usibasumbue na masheria yako.”

Tulipofika juu niliwapa maneno ninayowapa wote. Moto ni pale penye mawe tu. Takataka zinarudi mjini na mwenye nazo. Ukingoni hasogei mtu bila mimi. Fidèle alinisikiliza huku akishusha mfuko wa makala ya kuchomea nyama, akasema kwa kucheka, bila ubaya:

“Dada, shiye tulikuya kupumuzika. Masomo tulimaliza zamani.”

Pale penye mawe hapana kivuli. Wakaiweka mbabula yao, jiko la makala, chini ya miti, katikati ya majani makavu. Nikawaambia waihamishe, wakaihamisha. Kisha nikampeleka Mama Zaina na mumewe kuona bwawa dogo lililo juu ya mto. Tulikuwa tumetembea kama hatua mia hivi nilipogeuka nyuma, nikaona wameirudisha mbabula kivulini.

Yaya, hapa usiruke. Niliona. Mama Zaina aliona pia, akanigusa bega.

“Ile mbabula iko mu majani,” akasema.

“Nitabaambia tukirudia,” nikamjibu.

Hakukuwa na upepo. Nilijiambia kwamba wale ni watu wazima. Kwa kweli nilikuwa nasikia maneno ya patron masikioni, na niliogopa kuchekwa mara ya pili. Hatua mia moja tu, mama, na sikurudi.

Walipomaliza kuchoma nyama, waliyamwaga makala nyuma ya mti na kuyanyunyizia bia iliyobaki kwenye chupa. Waliona imetosha. Baadaye kidogo upepo ukaamka. Sisi tulikuwa bwawani tuliposikia mlio kama wa mtu anayekunja magazeti mengi kwa pamoja, na tulipotazama chini, moshi ulikuwa umeshapanda kuliko miti.

Nilikimbia. Rafiki za Fidèle walikuwa tayari garini. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, viatu mkononi, anatazama moto kama mtu asiyemfahamu mtoto wake. Wakamwita, akapanda, wakaondoka. Mzee Ramazani, mwenye kifua kibovu, alivunja tawi akaanza kuyapiga majani. Mama Zaina alifungua kikwembe chake cha juu, akakichovya mtoni, akawa anauchapa moto, anarudi kukilowesha, anachapa tena.

Halafu watu wa kijiji cha chini wakapanda na majembe, na mbele yao Mzee Mwansa. Huyu ni mfuga nyuki. Mizinga yake ya magome ilikuwa imetundikwa kwenye miti ya mteremko ule ule, na asali niliyokutumia mwaka jana ilikuwa yake. Wenzake walikata njia pana kuuzuia moto. Yeye alipanda mti kuuokoa mzinga. Jua lilipoanza kuinama, moto ulifika kwenye miamba ukakosa cha kula. Mizinga iliyopona ilikuwa miwili. Mkono wa kuume wa Mzee Mwansa ulikuwa umeungua kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, na nyuki wake walikuwa wanazunguka juu ya majivu, hawajui pa kutua.

Nilimfunga mkono kwa kitambaa safi. Akaniuliza:

“Ni bageni benu?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi, utasema.”

Akachukua jembe kwa mkono wake mzima, akashuka.

Siku ya tatu patron aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi ya Kifaransa iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba moto uliwashwa na mfuga nyuki mmoja aliyekuwa anawafukuza nyuki kwa moshi, na kwamba kiongozi wa wageni, yaani mimi, alimwona kwa macho yake. Ilikuwa inangoja saini yangu tu. Maneno yenyewe patron alikuwa ameshayapeleka kwa walinzi wa pori, na Mzee Mwansa alikuwa amewekwa kwa chifu, akingojea kesi ya Ijumaa.

“Muntu wa asali, kazi yake ni moshi,” patron akasema. “Nani atashangaa?”

“Na mukono wake ulioungua?”

“Njo ushahidi wenyewe.”

Mama, nilipolisikia hilo nilisimama. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi yake. “Bongo siandike,” nikamwambia, maana uongo ule sikuweza kuutia saini. Akanyoosha kiganja kwa utulivu, nikampa funguo za gari na koti la kazi, nikatoka. Ndivyo nilivyofukuzwa.

Nilirudi hapa Kasungami nikakaa kitandani. Nilifikiri kupanda treni nirudi kwako, nikajisikia nafuu kwa kitambo. Kisha nikamwona Mzee Mwansa amekaa mahali fulani na mkono wake unamuuma, anangoja niseme. Kesho yake asubuhi nikavaa rinda langu la misa nikaenda ofisini kwa Fidèle.

Alinipokea vizuri. Alifunga mlango, akakaa, na kabla sijauliza akasema:

“Ni mie nilimwanga makala. Nilizani bia iliyazima.”

“Kuya useme vile mbele ya chifu.”

Akaniambia cheo hakijamaliza mwezi, na wakubwa wake hawapendi makelele. Akasema atanunua mizinga mipya, mizuri, ya mbao.

“Mizinga ni vizuri,” nikasema. “Lakini muzee iko amefungwa juu yako.”

Akageukia dirisha. Nilingoja, hakugeuka tena, nikaondoka.

Nikaenda dukani kwa Mama Zaina. Mzee Ramazani alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna ndevu. Ofisi ya Fidèle ndiyo inayonunua kwao nguo za wafanyakazi. “Tuangalie kwanza, tusiharakishe,” akasema, na sikumlaumu. Lakini mkewe alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma. Alirudi na kile kikwembe, hajakifua, kimejaa matundu meusi.

“Mie nitaenda,” akasema. “Weye baki na duka.”

Ijumaa tulipanda lori la mahindi mpaka Lukafu, na kutoka pale tukachukua pikipiki. Mama Zaina hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alinishika kiuno akaomba dua njia nzima, na mimi nikaomba Rozari, kila mmoja kwa sauti ya chini, mpaka dereva akatuambia tusimtishe.

Chifu alikaa chini ya banda la mabati, walinzi upande mmoja, patron wangu upande mwingine. Mzee Mwansa alikuwa kwenye kigoda, mkono umefungwa majani. Niliitwa nikasimama. Nilieleza yote tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mbabula, ulimi ulitaka kupita haraka, nikauzuia.

“Niliiona ndani ya majani nikanyamaza,” nikasema. “Kama munatafuta mwenye kosa, mimi niko mbele ya muzee huyu. Yeye haiko hata nyuma yangu.”

Watu wakanung'unika. Patron akasimama akasema nimetunga hadithi kwa hasira ya kufukuzwa. Ndipo Mama Zaina akakikunjua kikwembe mbele ya chifu. Hakueleza mengi. Alisema alikuwepo, aliona mbabula, aliona wageni wakikimbia, na huyu baba alitoka chini kuja kuzima, hakutoka juu. Chifu akapitisha kidole chake kwenye tundu moja, akafikiri.

“Huyu Fidèle iko na simu?” akauliza.

Patron hakuwa na la kufanya. Alipiga, na chifu akaagiza sauti ifunguliwe ili wote tusikie. Fidèle aliitika. Chifu akamtajia jina lake na mahali alipo, na akamwuliza swali moja tu: nani alimwaga makala?

Tulisikia honi za magari ya mjini ndani ya ile simu. Nilihesabu pumzi zangu. Nilidhani atakata.

“Ni mie, chifu,” akasema. “Muzee hana kosa.”

Mzee Mwansa aliachwa huru saa ile ile. Patron aliondoka bila kuaga mtu, na walinzi wamemkataza kupandisha wageni tena. Fidèle alikuja wiki iliyofuata, peke yake, na mizinga ya mbao aliyoiahidi. Mzee Mwansa alimwambia hajui kufuga nyuki kwenye masanduku, amsaidie kubandua magome. Fidèle akavua shati la ofisini akafanya kazi siku mbili, akachomwa na nyuki mdomoni, akarudi mjini amevimba. Kazini wamemshusha kidogo, lakini hawakumfukuza. Tunasalimiana. Urafiki hatuna, na siutafuti.

Mimi chifu aliniomba nisiache kupanda. Sasa ninawapeleka wageni wachache kwa gari la kukodi, na kila kundi linatembea na mimi na watu wawili wa kijiji, mara nyingi Mzee Mwansa na binti yake. Masharti ni yale yale ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikiona kosa ninarudi, hata kama ni hatua elfu moja, hata kama wananicheka. Wapo wanaonuna. Wapo pia wanaookota chupa zisizo zao, na mmoja aliomba afundishwe majina ya miti kwa Kisanga, lugha ya pale kijijini, akayaandika yote.

Kwa hiyo mama, usinitafutie nafasi ya kufundisha huko. Najua umeshaongea na masista, na ninakushukuru. Lakini nimeamua, na nakuomba uniombee katika uamuzi huu badala ya kuniombea niuache.

Jumamosi iliyopita walikuja wageni wanne. Mmoja wao alikuwa na bunduki kwenye mfuko mrefu. Akaniambia ni ya kujifurahisha tu, ndege mmoja au wawili. Nikamwambia bunduki haipandi gari hili. Akataja jina la mkubwa fulani. Nikamwambia hata mkubwa huyo, akija na bunduki, atabaki hapa barabarani. Alishuka kwa hasira na ndugu yake akamfuata. Wale wawili waliobaki walinitazama, wanangoja kuona kama nitawaita wenzao warudi. Nilifunga mlango, nikamwambia dereva twende.

Nisalimie mjomba fundi wa reli na mkewe, shangazi anayekausha samaki, na yule jirani yetu mkunga aliyenipokea duniani. Yaya Odette, wewe nakukumbatia kwa kusoma mpaka hapa bila kuchoka. Mama, Mungu akulinde magoti na usingizi.

Ni mimi, binti yako wa pili,

Numbi