Fainali Iliyokatishwa na Harusi

Mwalimu wangu Tusekile,

Raketi yako niliikataa. Nianze na hilo, maana najua habari umeshazipata huko uliko. Ndugu zako wa Mbebe hawajui kuficha jambo.

Siku ya kuanua matanga mjomba wako alitandaza vitu vyako kwenye mkeka. Vitenge vikaenda kwa mama yako, redio kwa mdogo wako Neema. Kisha akaniita mimi Atupele, mtu baki kabisa, akasema, "Huyu si damu yetu, ila ndiye aliyekuwa mkono wake." Akaninyooshea raketi. Nikasema sistahili, nikatoka nje. Watu wakaguna. Unawajua watu wa kwenu: kitu cha marehemu kikikataliwa na aliyepewa, hakipewi mwingine. Basi imetundikwa msumarini jikoni kwa mama yako, inakula moshi.

Walidhani ni uchungu. Ilikuwa aibu, Mwalimu, na leo nakuambia yote, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Unaikumbuka ile kaseti ya video? Mzee Hamadi, yule muuza vipuri vya malori, aliletewa na dereva kutoka Dar, akakuita wewe kwa sababu Tunduma nzima ni wewe tu uliyekuwa na wazimu wa mpira wa vinyoya, badminton. Tulibanana wasichana sita sebuleni kwake, miguu yetu michafu juu ya zulia, na mzee wa watu hakugomba. Kwenye kioo yule binti wa Indonesia, mfupi, mwembamba, anakimbia kona zote nne kama kuku aliyeona mwewe. Ukatusimulia maisha yake kama mtu anayemsimulia dada yake. Alianza kucheza barabarani mbele ya nyumba yao. Akaondoka kwao bado mdogo kwenda kambini, akalia wiki nzima. Kabla yake, ulisema, kwao hakukuwa na mwanamke aliyethubutu kuwaza ubingwa wa dunia. Sisi tunameza mate tu.

Seti ya mwisho yuko nyuma, anajifuta jasho, anarudi mstarini, mara tarumbeta! Bibi harusi! Masufuria ya pilau! Watu wa nyumbani kwa Mzee Hamadi walikosa kaseti tupu, wakarekodi harusi ya binti yao juu ya fainali. Nilipiga kelele mimi. Nikakuuliza, "Mwalimu, alishinda?" Ukainama kuitoa kaseti. Ukasema, "Alishinda. Haya, twendeni mazoezini."

Nikaishi na jibu hilo miaka yote. Ghala tulilochezea lilipojazwa magunia ya mahindi ukatutoa nje, uwanja wa shule, na upepo wa Tunduma unavyojua kuudhi. Vinyoya vya dukani vikawa vinapeperuka mpaka kwenye foleni ya malori. Ndipo ukabuni vya kwako: kipande cha gunzi, manyoya ya jogoo, gundi ya kuzibia matairi. Vizito, usipopiga kwa nguvu zote havivuki wavu. Akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakipita na mizigo walikuwa wanasimama, ukipiga ule mpigo wako wa juu wanaita, "Mayo!" yaani mama wee! Nawe unawapungia raketi kama mbunge.

Basi nikajiona bingwa. Ulipolala na kifua chako kile, ukanishika mkono ukasema, "Nenda Dar kwenye mashindano. Ukirudi utanisimulia." Hukusema nishinde. Mimi ndiye niliyesikia nishinde.

Kule Dar ukumbi umefungwa milango, hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti. Kinyoya chao chepesi, na mimi mkono wangu ni wa gunzi. Cha kwanza nje. Cha pili nje. Cha tatu kikatua mapajani kwa mama mmoja aliyekuwa anakula karanga. Watu wakacheka, Mwalimu! Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu wa Tunduma anatupa mawe?" Jasho halijanitoka vizuri, mechi imekwisha.

Nikapiga simu dukani kwa Mzee Hamadi. Nikasema, "Nimefungwa," nikakata. Basi lilipofika Mbeya nikashuka, nikajificha kwa shangazi nikisingizia tumbo. Ningekuletea nini? Yule binti alitoka nyuma akashinda, mimi nimetolewa mechi ya kwanza. Nilitaka aibu ipoe kwanza. Siku tatu! Kutoka Mbeya mpaka kwako ni saa chache tu za gari, na mimi nakunywa uji wa shangazi. Siku ya nne nafika Tunduma, naona turubai mbele ya nyumba yako, na viatu vingi mlangoni.

Ee Mungu wangu.

Juzi Neema alinifuata sokoni ninapouza maharage. Hakunisalimia. Alikaa juu ya gunia akasema, "Dada alijua umefungwa, Mzee Hamadi alimwambia. Kila mlango ukilia alikuwa anasema, huyo Atupele. Kuna kitu alitaka akwambie mwenyewe. Alipoona huji akaniachia mimi. Yule binti wa kwenye kaseti, ile fainali alishindwa. Alilia mbele za watu, siku ileile akaenda nyumbani kwao. Mwaka uliofuata akaanza upya, na ubingwa aliupata baadaye."

Nikauliza mbona hukutuambia. Akasema, "Mlikuwa watoto. Aliogopa mtaacha."

Nilikukasirikia, sikufichi. Nilimwaga kopo zima la maharage chini. Ningejua kwamba naye alifungwa, ningekuja siku ileile nikae pembeni ya kitanda chako, nikusimulie habari za yule mama wa karanga, nawe ungecheka mpaka ukohoe. Uongo wako na kiburi changu, sijui kipi kiliniweka Mbeya zaidi. Kisha hasira ikaisha. Yamebaki maneno ya Neema tu, kila mlango ukilia, na hayo siwezi kuyatoa kichwani. Nakula nayo, nalala nayo.

Wasichana wamebaki watatu. Jana wamekuja kuniuliza tunaanza lini, au nao watafute kazi nyingine za kufanya. Nikaendelea kupima maharage. Mmoja akasema basi angalau tumwombe Mzee Hamadi tuitazame tena kaseti.

Jumamosi napanda gari la Ileje, nishuke kwenu Mbebe. Nitapita kwanza kaburini, nikusomee barua hii. Kisha nitapiga magoti jikoni kwa mama yako niombe ile raketi, wanisimange wanavyotaka, haki yao. Nikirudi nitawakalisha wale watatu sebuleni kwa Mzee Hamadi, watazame mpaka harusi iingie. Watasema alishinda, kama ulivyotuambia. Nitawaambia alishindwa, akaenda nyumbani siku ileile. Na ninakuahidi, yeyote kati yao atakayefungwa, popote atakapofungwa, atanikuta mlangoni namsubiri.

Pumzika, Mwalimu. Nilifungwa. Nimekuja kukusimulia.

Atupele wako