Mguu Mzima

4 Machi

Mwanangu kinyozi,

Hujambo? Huku hatujambo, ila mguu wangu wa kulia ni ule ule: ganzi, na misuli inazidi kusinyaa. Kanyagio la cherehani sasa nalitafuta kwa macho.

Yule mtaalamu wa viungo uliyenitafutia ana vyeti ukutani mpaka karibu na dari. Vikanitia shaka. Nikamwambia mguu mbovu ni wa kushoto. Akaukanda, akaupaka mafuta, akasema, "Mama, nausikia mshipa wa fahamu ulivyokaza!" Mshipa upi? Mguu mzima kabisa! Nilitoka nacheka, nilipofika nyumbani nikalia. Nisiposhona, mimi ni nani?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe tu. Nakuchapia kwa kompyuta ya saluni ili usome vizuri.

Sasa nimekutafutia mwingine, nimeuliza kwenye chama cha wataalamu wenyewe. Huyu amesajiliwa, na wagonjwa wake ndio hao wa mishipa na misuli wa miaka mingi. Tafadhali, mwambie ukweli. Siku hizi nakaa mapokezi, napumzika kidogo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Najua utanuna: nilisema kushoto tena.

Huyu hakushika mafuta. Alinitembeza kwa visigino, nikashindwa. Akanigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akageuza viatu vyangu kutazama soli. "Mama, mguu mbovu ni wa kulia. Kwa nini umenipa mzima?" Aibu gani hiyo! Lakini nilifurahi. Kasema kuuponya hawezi, ila kwa mazoezi na kifaa cha kushikilia kifundo, nitashona. Nikamwamini papo hapo.

Kisha akauliza: ugonjwa huu huenda ukawa wa kurithi, mwanao hajikwai? Mikono yake haina udhaifu? Nikasema hapana. Njiani nikaikumbuka barua yako. Kinyozi gani anakaa mapokezi? Na tangu lini mimi nikachapiwa barua, mwandiko wako mzuri vile? Mtoto wa nyoka ni nyoka, baba. Uongo huu naujua, ni wangu.

Niandikie kwa mkono.

Mama yako

20 Mei

Mama, shikamoo.

Ni mkono wa kulia. Wembe ulinitoka, ukamkata mteja shingoni, tajiri wangu akanihamishia mapokezi. Niliogopa ungejilaumu. Nisamehe mwandiko, nimeanza asubuhi.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Imesomeka, kila herufi. Nimelia, nimemaliza. Kujilaumu nitajilaumu, hilo halikuhusu.

Kifaa nimekivaa, na mguu unakanyaga. Suruali yako ya safari nimeishona mwenyewe; mshono umepinda kidogo, utavaa hivyo hivyo. Njoo. Mtaalamu anakungoja.

Ukifika kwake usijaribu mchezo wangu. Nimeshamwambia ni wa kulia.

Mama yako