Taa za sehemu ya saba

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni.

Leo nilikuwa nasoma ripoti ya taa kikaoni kama kila Jumatatu. Zile LED mpya nilizosimamia ghalani, zinazojizima pasipo na mtu anayetembea. Bosi akanikatiza: "Hebu soma sehemu ya saba kwa sauti, wote wasikie."

Nikasoma. Tena kwa fahari! "Sehemu ya saba, taa zimewaka masaa mawili tu kwa siku." Nilidhani anataka nisifiwe kwa umeme tuliookoa.

Akamgeukia Mama Lebo, yule anayebandika lebo sehemu hiyo ya ghala: "Kumbe unafanya kazi masaa mawili?"

Masaa mawili! Mama wa watu ana magoti mabovu, anabandika ameketi kutwa, kwa mwanga wa mlangoni, wala hajawahi kulalamika. Akaniangalia mimi, si bosi. "Mwanangu, ndivyo ulivyoniandika?"

Ndivyo ulivyoniandika.

Nikamfuata bosi ofisini. Mimi, ambaye hata kupiga chafya naomba radhi kwanza! Nikamwambia taa zile hazimwoni mtu aliyekaa, na nilimwandikia hivyo tangu mwanzo.

Hakuinua hata macho. "Najua. Nilikuwa natafuta karatasi ya kumtoa kazini. Umenipa."