Bi. Tolliver Aliyeitwa Mara Tatu

Harlan Ferry,
Alabama.

26 Septemba 1965

Mpendwa Mjomba Roscoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Pasaka kiwe kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama bado anafua nguo za watu, na jioni miguu humvimba, lakini halalamiki. Bibi ana nguvu zake, ila jicho la kushoto limezidi ukungu. Mimi nimeingia darasa la tisa, na mwalimu amenichagua kusoma Zaburi mbele ya shule kila Jumatatu.

Pamba imefunguka mapema mwaka huu. Tini nazo zilizaa sana, tukapika jamu mitungi kumi na miwili. Miwili Bibi ameiweka rafu ya juu na hakuna ruhusa ya kuigusa. Hasemi ni ya nani. Kila Jumamosi huishusha, akaifuta vumbi, akairudisha.

Mjomba, siku uliyoondoka nilikuwa na miaka sita, lakini nakumbuka ulivyosimama barazani ukamwambia Bibi kwamba hutakanyaga tena Alabama mpaka jina lake yeye, mama yako, liandikwe kwenye daftari la wapiga kura. Lako walikuwa wamelikataa, na kesho yake kibarua chako cha kiwanda cha mbao kikaota nyasi. Tangu hapo nimekua nikilingoja jina hilo kama wenzangu wanavyongoja Krismasi.

Limeandikwa. Liliandikwa Alhamisi iliyopita. Nimelitanguliza ili usisome yaliyobaki kwa wasiwasi. Lakini nusura tulikose, na safari hii kosa halikuwa la wazungu. Lilikuwa letu.

Serikali ya Washington ilileta makarani wake, wakafungua ofisi nyuma ya posta. Hawaulizi yale maswali ya mtego ambayo wazungu wa huku walikuuliza wewe. Unaandikisha jina mlangoni, unakaa, unaitwa. Jumanne Mama alinipa ruhusa nikose shule nimsindikize Bibi, kwa ajili ya jicho lake. Alivaa kofia yake ya mazishi. Tulifika kabla ya saa mbili asubuhi, tukakaa karibu na Mzee Lucious Gaines, yule shemasi wetu asiyejua kunyamaza.

Kama saa tano hivi karani alitokeza kichwa akaita, "Bi. Tolliver." Ni kijana wa kizungu mwenye miwani, na sauti yake si ya huku. Hakuna aliyeinuka. Aliita tena. Watu wote tukageuka kutazama mlangoni, tukingoja huyo mama wa kizungu aingie. Mzee Lucious alivuta miguu yake ili apate njia.

"Mpisheni," alisema polepole. "Karani akimalizana naye, foleni yetu itasogea."

Karani aliita mara ya tatu, akangoja kidogo, akaita jina jingine.

Wewe unajua ilivyo, Mjomba. Kanisani Bibi ni Dada Tolliver. Kwa majirani ni Mama Dessa. Mjini ni Odessa, au "shangazi" kwa watoto wa kizungu aliowalea mwenyewe. Miaka sitini na minane hajawahi kuitwa Bi. na kinywa cha mzungu, kwa hiyo sote tulijua kwamba aliyeitwa hakuwa mmoja wetu. Nami, ninayesifiwa kwa kusoma, nilikuwa natazama mlangoni pamoja nao. Hilo limeniumiza sana, na sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Tulikaa pale mpaka jioni. Walipokuwa wanafunga, karani alitoka na orodha akasoma walioitwa wasiitike. Jina lilikuwa moja tu, naye safari hii alilisoma lote: Bi. Odessa Tolliver. Bibi alinishika mkono, akauliza kama amesikia vizuri. Makaratasi yalikuwa yameshafungiwa sandukuni, na karani akaomba radhi, akasema turudi Alhamisi.

Mzee Lucious hakutuacha hivihivi. "Kumbe ni wewe, Odessa," alisema tukiteremka ngazi. "Mzungu tuliyempisha siku nzima ni wewe."

Watu walicheka, na Bibi alicheka nao. Lakini njiani alivua kofia, na mimi niliogopa. Niliogopa kwamba hatarudi, na kwamba wewe nawe hutarudi.

Alhamisi alivaa kofia ileile. Karani alipoita, nilimgusa goti, lakini hakuinuka. Nilidhani amepotea tena. Kumbe alikuwa anamtazama yule kijana usoni.

"Nimekusikia, mwanangu," alimwambia. "Ila hebu rudia."

Karani akarudia. Hapo ndipo Bibi aliposimama, akaingia, akatia sahihi herufi moja moja.

Sitaki kukudanganya kwamba yote yamebadilika. Pale kwenye duka la dawa waling'oa viti vyote ili tusikae pamoja na wazungu, na sasa weusi kwa weupe wanakunywa soda wamesimama kama farasi. Mwenye shamba la pamba ameziambia familia mbili zilizojiandikisha zihame baada ya mavuno. Nyumba yetu ni yetu, lakini Mama halali vizuri.

Nilipomwambia Bibi kwamba nitakukumbusha ahadi yako, alinikataza. Alisema mtu mzima habanwi kwa neno alilolisema akiwa na uchungu, na kwamba huko kwako Detroit kuna kazi na huku hakuna. Kisha alikwenda kuiangalia mitungi, na haikuwa Jumamosi. Basi mimi sikubani, Mjomba. Nakuomba tu. Picha yako ninayo, lakini sauti yako imeanza kunitoka.

Mama anakusalimu sana. Mzee Lucious anasema utakuta meno yamempungua, maneno hayajapungua. Bibi anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote, ili Mungu asikuchanganye na Roscoe wengine. Akulinde barabarani na kazini, na baridi ya huko isikuguse kifua.

Kituo cha basi sasa kina chumba kimoja cha kungojea. Kile kibao cha kututenga na wazungu wamekitoa, ingawa alama yake ingali ukutani, na wengi wetu bado tunapita mlango wa nyuma kwa mazoea. Basi la kutoka Birmingham hufika saa tisa alasiri. Niandikie siku tu. Nitaingia kwa mlango wa mbele, nitakaa, na nitakungojea.

Mpwa wako anayekupenda na kukukumbuka,

Almeda Pruitt