Sura Yako Ukutani

Misheni, nje kidogo ya Kitale
Jumapili jioni

Mulembe Mayi, mama yangu,

Kwanza vuta kigoda ukae. Nasimiyu, dada yangu mdogo, wewe unayesoma, soma polepole, usiruke mstari hata ukiona aibu, na usiongeze maneno yako mwenyewe. Nakujua.

Mayi, hapo Mabanga mnaendeleaje? Goti lako limepoa ama bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mahindi yamepata mvua? Hapa imenyesha mpaka tumechoka. Mimi ni mzima. Dada Nekesa naye ni mzima, tumbo limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno, na bado hajajifungua. Nasema hayo mapema kwa sababu najua wanawake wa soko la Bungoma walikufikia kabla yangu, wakakuambia ati mkwe wako Petro ameacha kanisa, amewafuata wale watu wa mlimani wanaosema kanisa ni la wazungu. Unajua ninaowasema. Sitawataja, siku hizi barua zinafunguliwa njiani.

Si kweli, Mayi. Lakini ilibaki kidogo tu Petro afukuzwe kazi ya ukatekista, na dada yangu atolewe kwenye nyumba ya misheni na tumbo lake hilo. Na aliyeleta hayo yote ni mimi, mwanao, na brashi yangu. Wacha nikueleze kutoka mwanzo, na tafadhali usinilaani kabla sijamaliza.

Nilikuja shule hii ya ufundi nikidhani nitakuwa seremala. Mwalimu Barasa akaona vile nachorachora kwenye mbao, akanitoa huko, akaniweka darasa la kuchora. Nikajiona fundi. Si ulikuwa unanipiga na mwiko kwa kuchafua ukuta wa jikoni na makaa? Basi hapa ningechora na hakuna mwiko! Siku ya kwanza nikamkuta Ndiwa. Ni Msabaot wa Cheptais, kule mlimani, kijana mpole, haongei mpaka umuulize mara mbili. Alikuwa anachora fahali. Mayi, fahali yule alikuwa anapumua. Nikaangalia ng'ombe wangu, nikaona meza iliyowekwa pembe. Niliona wivu, nisikufiche. Nilitaka kufunga sanduku nirudi nikalime.

Halafu kuna Okiring, Mteso, huyo mdomo haufungi hata akila. Yeye kuchora ni kawaida tu, lakini rangi! Anapika rangi kama wewe unavyopika mboga, kwa kuonja na kununa. Udongo mwekundu wa barabarani, chokaa, masizi ya sufuria, na buluu ya kufulia nguo. Mpishi wa Padre alitafuta buluu yake mpaka akalia.

Sasa hapa misheni wamejenga kanisa jipya la mawe, na Mwalimu Barasa akapewa ukuta wa mbele, nyuma ya altare, auchore na wanafunzi. Akatuchagua sisi watatu. Picha ikawa ile ya Maria alipokwenda kumtembelea Elizabeti, jamaa yake aliye mtu mzima, anampokea mlangoni kwa furaha. Mwalimu akatuwekea sharti: ukuta ni mmoja, kwa hivyo hakuna kusema hapa ni pangu. Kila jioni tulibadilishana mahali, na kila mmoja alirekebisha kazi ya mwenzake. Mwanzoni nilikasirika. Ndiwa alifuta mkono niliousumbukia mchana kutwa, akauchora upya kwa mistari michache, na ulikuwa mzuri, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Lakini nikaanza kumwangalia. Nikamuuliza, mara mbili kama kawaida, anafanyaje. Akaniambia, "Mimi sichori ng'ombe. Nachora ng'ombe ya baba yangu, ile iliuzwa. Kila siku naikumbuka."

Neno hilo liliniingia. Kesho yake nikapewa uso wa Elizabeti, nikajaribu kufanya hivyo, nikaacha mkono uende. Ukatoka uso ambao sijawahi kuchora mwingine mfano wake. Okiring alinyamaza kimya, na hilo peke yake ni ajabu. Mwalimu Barasa aliutazama akavua kofia. Niliringa, Mayi. Siku nzima nilitembea kama niliyenunua kiwanja.

Petro hakuwepo wakati huo, alikuwa safari, anafundisha katekisimu kule mashambani kwa vibarua. Aliporudi, akaja na Nekesa kutazama kanisa. Nekesa ndiye alitangulia. Aliinua macho, akapiga kelele, "Mayi! Ni Mayi huyu!" Akacheka, akaanza kulia. Nikatazama ukuta. Ee Mungu wangu! Kovu lako juu ya nyusi, kichwa chako kilivyoinama upande kidogo ukimsikiliza mtu, kitambaa chako ulichofunga kwa nyuma. Ni wewe mzimamzima, mkubwa kuliko mlango, macho yanatazama anayeingia.

Na anayeingia ni Petro.

Alisimama pale kizingitini, akaona, akajifunika uso na kitabu cha sala, akarudi kinyumenyume mpaka nje kwenye mvua. Wewe na yeye, kwa heshima ya ukwe, tangu amwoe Nekesa hamjawahi kutazamana. Akipita, wewe unaingia migombani. Ukipita, yeye anaacha njia. Halafu mimi, mtoto wa nyumba, nimekusimamisha mbele yake uso wazi, katika mahali anapofanyia kazi kila siku! Ilinipitaje, sijui. Nilikuwa nawaza mstari na kivuli, sikuwaza mkwe.

Nilimfuata nje. "Wafula," akaniambia, "umenifanya nini, bwana?"

Nikamwambia nitamweleza Padre. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimweleze. Nitamtaja mama mkwe wangu mbele ya wazungu? Nyamaza."

Basi akaanza kusalisha watu nje, chini ya ukingo wa paa. Alipoulizwa alisema ndani kuna unyevu. Watu si wajinga. Wakaanza, ati Petro haingii kanisani, ati ameapishwa, ati alipokuwa mashambani alikutana na wale. Askari kanzu akaja mpaka nyumbani kwake, akakaa kwenye kiti cha Nekesa, akauliza ni wageni gani wanaotoka mlimani kuja kuwaona. Nekesa akamjibu, "Mgeni anayetoka mlimani ni Ndiwa, na huja kula ugali." Askari akaandika jina la Ndiwa. Hapo ndipo niliogopa kabisa, kwa sababu sasa moto ulikuwa umeshika nyumba ya mwenzangu pia.

Mwalimu Barasa akaona haifai kunyamaza, akaenda kwa Padre akamweleza mambo ya ukwe. Ikawa ni kuongeza kuni. Padre akasema ile ni picha ya mtakatifu, si mama ya mtu yeyote, na katekista anayemkimbia mtakatifu kwa ajili ya desturi za kipagani hafai kufundisha. Akamwita Petro barazani, nilisikia kwa masikio yangu: "Jumapili Askofu anafungua kanisa. Utaingia mbele ya watu wote, ama Jumatatu utatoa vitu vyako nyumbani." Petro alijibu "Ndiyo, Padre," na mimi nikajua haingii. Unamjua. Angelala nje na mke wake kuliko kukuvunjia heshima.

Nilichukua ndoo ya chokaa nikaenda kanisani nikufute. Nilichovya brashi, nikasimama mbele yako. Mayi, mkono ulikataa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima sijakuona, na pale ulikuwa unanitazama kama ninaporudi kutoka shambani na njaa. Na nisiseme uongo, nilikuwa nafikiria pia kwamba ule ndio uso wa kwanza mzuri nimewahi kuchora, na pengine wa mwisho. Dada yangu anafukuzwa nyumba na mimi nahurumia rangi! Nikakaa chini kwenye sakafu nikalia.

Wenzangu wakanikuta hapo. Okiring akasema, "Lete hiyo ndoo, mimi nafuta, wewe angalia kando." Nikamsukuma. Akanisukuma. Ndoo ikamwagika, tukashikana mashati mbele ya altare, fikiria! Ndiwa akatutenganisha, kisha akaniuliza kwa sauti ile yake ya chini, "Wafula, Petro akipita kwenu, mama yako hufanya nini?"

"Anageuka. Anavuta leso anafunika uso."

"Basi si umchore akifanya hivyo?"

Okiring ndiye aliamka kwanza, akaenda kupika rangi.

Mimi sikuweza, Mayi. Nilishika taa ya karabai kwa sababu siku ilikuwa na mawingu mazito, basi. Ndiwa alichora mkono unaoinuka na leso, na hakuwahi kukuona hata siku moja, aliniuliza tu: vidole vimekunjwa vipi, anainua kutoka kushoto ama kulia, haraka ama polepole. Nilimjibu, naye akachora. Okiring akajaza leso kwa buluu na nyekundu. Uso wako ukapotea kidogo kidogo, kwanza mdomo, halafu macho. Walipomaliza, alibaki mwanamke anayempokea mgeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anajisitiri. Nilipoitazama nilijua ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Imeniuma kuandika hivyo, lakini ni kweli. Peke yangu nisingeifikia.

Hatukumwambia Petro. Angesema tunamdanganya.

Leo kanisa lilijaa, watu mpaka madirishani, askari kanzu amesimama karibu na mlango, Askofu amevaa vizuri. Nekesa alikuwa ameshafunga vyombo kwenye gunia, asubuhi aliniambia bila kulia. Maandamano yakaja, Petro mbele na msalaba, uso umeinama. Akafika kizingitini akasimama. Padre akamsukuma kwa nyuma kidogo. Petro hakusonga. Mimi nilikuwa ndani na wenzangu. Nikaona watu wanageuka kuangaliana, nikamwona askari anatoa mikono mfukoni.

Ndiwa, yule asiyesema, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Petro, angalia. Amejifunika."

Petro akainua macho. Akatazama, sijui kwa muda gani, kisha akakohoa kidogo, vile anavyokohoa akipita karibu na migomba yako ili ujue anakuja. Akasogea upande, akapita akifuata ukuta wa kulia, mpaka mbele, akasimamisha msalaba mahali pake. Nekesa alipiga vigelegele mpaka nikaogopa atajifungulia pale.

Baada ya misa Askofu akasimama chini ya picha, akauliza mbona Elizabeti amejifunika uso, kwa kuwa hakuna Injili inayosema hivyo. Padre akawa mwekundu. Mwalimu Barasa akafungua mdomo. Petro akamtangulia, yule aliyekuwa hataki hata nikutaje. Akasema, "Bwana Askofu, huyu ni mama mkwe wangu. Ananiheshimu, nami namheshimu." Askofu akatazama tena picha, kisha akampa mkono. Padre hakusema neno la Jumatatu, na gunia la vyombo Nekesa amelifungua.

Salamu zangu kwa kaka Simiyu mkubwa wetu, mwambie panga lake ninalo bado. Salamu kwa shangazi Naliaka anayekusukia vikapu, na kwa baba mdogo Khaemba, na kwa jirani yetu mwenye shamba la mihogo. Nasimiyu, za kwako nitakuletea mwenyewe, endelea kusoma.

Sasa Mayi, neno lililonishikisha kalamu. Jioni hii Petro alinijia. Anataka kuja kwako yeye mwenyewe, na mama yake mbele, na mbuzi, na blanketi, akuvike, ili haya ile ifunguliwe kama inavyotakiwa, muweze kukaa nyumba moja. Najua mara ile alituma mtu alilete, ukalirudisha, ukasema blanketi haliji peke yake kama kuku aliyepotea. Ulikuwa na haki. Naye amekubali alikosea. Lakini kumbuka mtoto wa kwanza wa Nekesa. Ulikuja mpaka Kitale ukalala kwa jirani, kwa kuwa huwezi kuingia nyumba ya mkwe, ukasikia kilio cha binti yako kupitia ukutani, na asubuhi mtoto hakuwepo. Nekesa hasemi, lakini anaogopa. Anakutaka wewe, si mkunga wa misheni.

Okiring naye amenifichulia jambo. Leso ile aliichanganya kwa maji tu, hakutia gundi ya kuishikisha rangi ukutani. Anasema kitambaa chenye maji na mkono wa pole, inatoka yote, uso uko chini yake salama.

Nilimwambia Petro, maana sasa sitaki siri. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mama akipokea blanketi, leso ile nitaiosha mimi."

Mwanao,
Wafula