Supu ya Mama Lan na Uji Wangu

Mama Brigitte, salamu nyingi. Naomba unisaidie kabla sijagombana na binti yangu, maana hapa Mayfair sina shoga wa kumwambia haya.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekuja Joburg kumlea mwanangu Samira katika uzazi wake wa kwanza, alitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua na mumewe Khatibu anashinda kazini, basi nikapanda basi na pilipili manga yangu, samli yangu na kanga za kumfunga tumbo, nikijua namkuta mtu hoi asiye na wa kumpikia, kumbe nimetanguliwa, kuna Mchina mmoja, Mama Lan, tajiri wake Samira kazini, mwenye duka la mablanketi hapa chini, ndiye anayempandishia supu kila siku, na mwanangu anaimaliza bakuli zima.

Na supu yenyewe, sitaki kusema uongo, ni supu. Anatia tangawizi, tende nyekundu zilizokunjamana, vitunda vyekundu kama zabibu kavu na mizizi iliyokatwa vipande, inachemka polepole mpaka ngazi yote inanukia. Kuku anamnunua hai, anampeleka mwenyewe kwa Msomali achinjwe, kanunua na sufuria mpya isiyowahi kuingia nguruwe, na ule mvinyo wa mchele wanaoutia kwao ameuacha. Hamwachi Samira aguse maji ya baridi, kama sisi tu. Anasema, na Samira ndiye anayenifasiria, damu ni mama wa nguvu, mama akikonda mtoto hasimami, na yeye mwenyewe binti yake alijifungua huko China akashindwa kwenda, duka halina mtu, lakini kuku mwenyewe ni mweusi, Mama Brigitte, mweusi mpaka mifupa! Kwetu kuku mweusi ana wenyewe, na wenyewe ni waganga.

Juzi Samira akausukuma uji wangu. "Eish, mama, unaniwasha. Nangoja supu." Nililia jikoni. Mama Lan alipokuja nikasimama mlangoni, nikamwambia kwa mikono kwamba basi, inatosha, mama yake nipo. Akainamisha kichwa, akashuka na bakuli lake. Tangu hapo haji. Samira ananiuliza, "Mama, nimemkosea nini?" nami namjibu ana kazi nyingi dukani. Nimejaribu kuipika mwenyewe kwa tende za madukani Fordsburg, ikatoka tamu kama futari, Samira akaonja akaacha. Sasa hali chakula vizuri, akiinuka anashika ukuta, na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki havimezi kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia chakula kinatosha. Nimwambie ukweli, au nishike msimamo wangu kwamba mama ni mmoja?

Bi Kidawa, Mayfair

*

Bi Kidawa, pole kwa machozi ya jikoni. Mimi nimezaa wanne na nimeshasukumiwa bakuli, naijua ladha yake. Sasa kaa nikuambie.

Vidonge avimeze leo hii. Mtu anayeshika ukuta hangoji kina mama wawili wamalize ugomvi wao, kesho asubuhi Khatibu ampeleke kliniki apimwe damu. Chukueni na ile mizizi nesi aione, maana Samira ananyonyesha. Supu na vidonge si wake wenza, vinakaa nyumba moja.

Kuku je? Usinichekeshe. Mganga gani anampeleka kuku wake kwa Msomali akasomewe bismillahi? Kuku yule amezaliwa hivyo, na kwao ndiye kuku wa mzazi. Na zile tende si tende, ni ndugu wa kunazi, zile ulizookota chini ya mkunazi ulipokuwa msichana, ndiyo maana ukapika futari. Hukuogopa uchawi, Bi Kidawa. Ulishikwa na wivu, na unajua.

Mimi huyo mama nampa heko. Kununua sufuria mpya kwa ajili ya dini ya mwenzako! Wengine tuna majirani wa lugha moja na hawajatufikiria hivyo.

Halafu umeandika jambo moja ukalipita mbio ukakimbilia kuku: binti yake alijifungua, na yeye hakufika. Wewe ulipanda basi ukafika. Unadhani bakuli zile alikuwa anampikia Samira peke yake?

Leo mwambie binti yako ulichofanya, kwa kinywa chako. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha pika uji wako, punguza pilipili, ushuke nao dukani, umpe Mama Lan na ukae mpaka amalize. Akufundishe supu yake, nawe umfundishe kufunga tumbo kwa kanga. Mama ni mmoja, kweli, ila huyo mmoja atarudi Tanga, na atakayebaki ngazi moja na Samira ni yeye.

Na arobaini ikitimia, mtoto akitolewa nje, asipelekwe kwingine kwanza. Mlango wa kwanza uwe wa duka la mablanketi, na wewe bibi yake ndiye umweke mikononi mwa Mama Lan.